Namna ya Kuendesha Kampeni ya Chama cha Wafanyakazi ya Kutetea Pensheni za Watumishi wa Umma

Ni mara chache serikali hutangaza waziwazi kwamba inapunguza pensheni. Kinachofanyika mara nyingi ni kubadilisha kigawanyo katika kanuni, kusogeza mbele umri wa kustaafu kwa miaka miwili, au kuchagua kipimo kingine cha mfumuko wa bei, na mtumishi huja kugundua athari yake siku anapojaza fomu za madai ya mafao. Kwa sababu hiyo chama kinachosubiri tangazo ndipo kianze kujipanga huwa kimekwisha kuchelewa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa matawi na kamati za kampeni, na umejengwa juu ya msimamo mmoja: kampeni ya pensheni hushinda au kushindwa kwenye hesabu, yaani kama kila mwanachama ameelewa, kwa mshahara wake mwenyewe, nini kitaondoka na lini.

Hatua ya kwanza: ujue mfuko wenu kabla ya kuutetea

Anzeni kwa kubaini aina ya mfumo. Katika mfumo wa mafao yaliyobainishwa, pensheni hukokotolewa kwa kanuni inayotumia mshahara na muda wa utumishi, na hatari ya uwekezaji kwenda vibaya humwangukia mwajiri au mfuko. Katika mfumo wa akaunti binafsi, mfanyakazi hupata kile kilichochangwa pamoja na faida yake, na hatari yote humwangukia yeye. Kuhama kutoka wa kwanza kwenda wa pili ni badiliko kubwa kuliko mengine yote, hata kama mwaka wa kwanza halionekani kwenye hati ya mshahara. Chile ilifanya hivyo mwaka 1981 na nchi kadhaa zikaifuata. Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani ulionyesha kwamba kati ya nchi 30 zilizobinafsisha pensheni za lazima, zote au sehemu, kati ya mwaka 1981 na 2014, nchi 18 zilikuwa zimebatilisha uamuzi huo kufikia mwaka 2018. Takwimu hiyo ifaa kukaa mfukoni mwa kila msemaji wa chama.

Baada ya hapo tafuteni nyaraka: sheria iliyounda mfuko, kanuni zake, hesabu zilizokaguliwa za miaka ya karibuni, na ripoti ya mwisho ya tathmini ya uhai wa mfuko iliyofanywa na wataalamu wa takwimu-bima, yaani wanaokadiria kama fedha za mfuko zitatosha kulipa mafao ya baadaye. Kanuni zinahitaji jicho kali kuliko sheria mama, kwa kuwa sheria hupita bungeni mchana kweupe, ilhali kanuni mara nyingi husainiwa na waziri peke yake na kuchapishwa kwenye gazeti la serikali ambalo hakuna mtumishi anayelisoma.

Katika hesabu za mfuko, ulizeni swali moja kabla ya mengine: je, mwajiri analipa anachodaiwa? Mfuko unaoitwa mufilisi huenda ni mfuko uliokopwa na serikali yenyewe au ambao haukupelekewa michango. Mfano wa Tanzania unafundisha. Watumishi wa serikali kuu walianza kuchangia mwaka 1999, lakini mfuko ulibebeshwa pia pensheni za miaka ya utumishi iliyotangulia, ambayo haikuwa na michango yoyote. Deni hilo liliuelemea mfuko kwa miaka mingi, hadi mwaka 2021 serikali ilipotoa hatifungani maalumu za shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma uliorithi deni hilo, kama sehemu ya kulilipa. Chama kinachofahamu historia ya namna hii hakikubali kirahisi kuambiwa kwamba tatizo ni wastaafu kuishi muda mrefu.

Hatua ya pili: fanyeni hesabu, tena kwa mifano ya watu

Hapa ndipo kamati nyingi huharakisha, na hapa ndipo ninapoomba zikae muda mrefu kuliko popote. Tengenezeni mifano mitatu ya kubuni: mtumishi aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, aliye katikati ya utumishi, na aliyeajiriwa mwaka jana. Kwa kila mmoja kokotoeni mambo matano, chini ya utaratibu wa sasa na chini ya ule unaopendekezwa: makato ya kila mwezi, umri wa kupata pensheni kamili, mkupuo (malipo ya mara moja anapostaafu), pensheni ya kila mwezi, na thamani ya pensheni hiyo baada ya miaka kumi ya mfumuko wa bei.

Chukueni suala la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, nchini Tanzania. Kwa waliokuwa wanachama wa PSPF na LAPF, mifuko ya awali ya watumishi wa serikali kuu na wa serikali za mitaa, kanuni ya zamani ilikuwa kuzidisha miezi ya utumishi kwa mshahara wa mwaka na kugawanya kwa 540; nusu ya pensheni hiyo ya mwaka ilizidishwa kwa 15.5 ili kupata mkupuo, na nusu iliyobaki ililipwa kila mwezi. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kiligawanya kwa 580, kikatenga asilimia 33 kwa mkupuo, na kuzidisha kwa 12.5. Mtumishi mwenye miaka 30 kazini, yaani miezi 360, kwa kanuni ya zamani alipata mkupuo sawa na mishahara 62 ya mwezi, na pensheni ya kila mwezi ya takribani asilimia 33.3 ya mshahara. Kwa kanuni ya 2022, tukichukulia kuwa mshahara unaokokotolewa ni uleule, mkupuo unashuka hadi mishahara 30.7 hivi, na pensheni ya mwezi inapanda hadi asilimia 41.6.

Msemaji wa serikali hapo atasema, na hatakuwa amedanganya, kwamba pensheni ya kila mwezi imeongezeka. Chama kinatakiwa kuendeleza hesabu pale anapoishia yeye. Mkupuo umepungua kwa mishahara 31.3, nyongeza ya kila mwezi ni asilimia 8.25 ya mshahara. Ukigawanya, unapata miezi 379, yaani zaidi ya miaka 31, kabla nyongeza hiyo haijafidia kilichopotea, bila kuhesabu faida ambayo fedha za mkupuo zingezaa wala nyongeza za pensheni za baadaye. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 anahitaji kufikisha miaka 91. Sentensi hiyo moja, ikisemwa kwa utulivu katika mkutano wa tawi, hufanya kazi kuliko mabango mia.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, na chama kisichousema kitaumbuliwa. Wanachama wa mifuko mingine waliokuwa wakipata mkupuo wa asilimia 25 walipanda hadi 33. Kwao badiliko la 2022 lilikuwa na nafuu. Wekeni wazi ni nani anapoteza na ni nani anafaidika, kisha mjenge dai ambalo halimwombi aliyefaidika arudi nyuma. Mwezi Juni 2024 serikali ilitangaza kupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa PSPF na LAPF na 35 kwa wale wa mifuko mingine, na mgawanyo huo wenyewe unaonyesha kuwa malalamiko ya makundi yote mawili yalihesabiwa.

Hatua ya tatu: wekeni madai machache yanayopimika

Dai la kusema “hatutaki mabadiliko yoyote” huunganisha watu kwa wiki mbili tu, kisha huwaacha wajumbe wa majadiliano mikono mitupu. Gawanyeni madai katika tabaka mbili. La kwanza ni mipaka isiyovukwa, na la kwanza kabisa ndani yake ni kwamba haki iliyokwisha kuchumwa kwa miaka ya utumishi iliyopita haiguswi: badiliko lolote lihusu miaka ijayo tu. La pili ni mambo yanayoweza kujadiliwa, kama vile kasi ya kupandisha mchango au muda wa mpito.

Msisahau nyongeza ya pensheni. Ndilo eneo linaloonekana dogo na ndilo linalokula fedha nyingi za wastaafu. Nchini Uingereza, kuanzia Aprili 2011, pensheni za umma zilianza kupandishwa kwa kipimo cha mfumuko wa bei ambacho kwa kawaida huwa chini ya kile kilichotumika awali. Hapakuwa na umri uliobadilika wala mchango uliopanda kwa uamuzi huo, hata hivyo athari yake inaandamana na mstaafu hadi mwisho wa uhai wake.

Kama mnahitaji kiwango cha kuegemea, Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 kuhusu viwango vya chini vya hifadhi ya jamii una vifungu vitatu vya manufaa. Unaweka pensheni ya uzee isiyopungua asilimia 40 ya mshahara wa rejea kwa mfano wa mwenye miaka 30 ya michango. Unazuia michango ya wafanyakazi kuzidi nusu ya fedha zote zinazogharimia kinga yao. Na, muhimu zaidi kwa kampeni, unaitaka serikali ihakikishe kwamba tathmini ya kitaalamu ya uwiano wa fedha inafanyika kabla ya kubadilisha mafao au michango. Angalieni kwanza kama nchi yenu imeuridhia. Ikiwa haijauridhia, vifungu hivyo havimfungi mwajiri kisheria, ila hakuna kinachozuia kumuuliza hadharani kwa nini hawezi kufikia kiwango cha mwaka 1952.

Hatua ya nne: waingizeni vijana tangu mwanzo

Mbinu ya kawaida ya serikali ni kuwalinda wanaokaribia kustaafu na kuwapakia mzigo wanaoingia kazini. Inafanya kazi kwa sababu wanaohudhuria mikutano ya chama mara nyingi ndio wenye mvi, na wakishahakikishiwa usalama wao hupunguza sauti, wakati kijana wa miaka 25 haoni pensheni kama jambo la maana kwake. Mageuzi ya Uingereza yaliyoanza mwaka 2015 yaliwaacha katika skimu za zamani waliokuwa wamebakiza miaka 10 au pungufu kufikia umri wa pensheni ifikapo Aprili 2012, huku wadogo wao wakihamishwa. Desemba 2018 Mahakama ya Rufani iliamua, katika mashauri ya majaji na ya wazimamoto, kwamba ulinzi huo wa mpito uliwabagua vijana kwa sababu ya umri, na serikali ikalazimika kurekebisha haki za kipindi chote cha kuanzia Aprili 2015 hadi Machi 2022 katika skimu karibu zote za umma. Ushindi huo uliletwa na wale waliotakiwa kukaa kimya.

Kwa vitendo, kila kamati ya kampeni iwe na wajumbe wenye chini ya miaka kumi kazini, tena wenye kazi halisi, kwa mfano kuandaa hesabu na kuzungumza na vyombo vya habari. Mfano wa mwajiriwa mpya ndio uwe wa kwanza katika kila kipeperushi. Ongeeni na kijana kwa lugha ya makato ya mwezi huu, kwa maana hayo anayaona sasa: katika skimu mpya ya watumishi wa umma nchini Kenya, iliyoanza Januari 2021, mchango wa mfanyakazi ulipanda kwa awamu kutoka asilimia 2 mwaka wa kwanza hadi 5 mwaka wa pili na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, na serikali ikichangia 15.

Hatua ya tano: tafuteni washirika, na jibuni swali la wivu

Swali litakuja, na mara nyingi litaulizwa na mtu ambaye hana pensheni yoyote: kwa nini kodi yangu ilipie uzee wa mtumishi wa serikali? Kumjibu kwa hasira ni kumpoteza. Mjibuni kwamba pensheni ni sehemu ya malipo ya kazi ambayo imecheleweshwa kwa makubaliano, na kwamba chama kinaunga mkono kupanua hifadhi ya jamii ili imfikie na yeye. Jibu la pili liwe kweli. Kama chama hakijawahi kutamka lolote juu ya wafanyakazi wa sekta binafsi na wasio rasmi, kianze kabla ya kuomba msaada wao. Vyama vya wastaafu navyo ni hazina, maana wana muda, wanaaminika, na hawawezi kutishiwa kufukuzwa kazi.

Pale ambapo sekta ina vyama vingi, andikeni makubaliano ya ushirikiano yanayosema nini kitatokea serikali ikitoa ofa tofauti kwa kila chama. Novemba 30, 2011, vyama vipatavyo 30 nchini Uingereza viligoma siku moja, na vyenyewe vilikadiria washiriki kufikia milioni 2. Mwezi uliofuata baadhi yao vilikubali mihtasari ya makubaliano ya skimu zao huku vingine vikikataa, na nguvu ya pamoja ikavunjika. Sidhani kama waliosaini walikuwa wasaliti, kwani skimu zilitofautiana na ofa pia. Kilichokosekana ni utaratibu uliokubaliwa mapema wa kupokea ofa hizo.

Hatua ya sita: ingieni kwenye majadiliano na mtaalamu wenu

Barua ya kwanza kwa mwajiri iombe taarifa, na iwe na tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Ombeni ripoti kamili ya tathmini pamoja na dhana zilizotumika: umri wa kuishi baada ya kustaafu, ukuaji wa mishahara, faida ya uwekezaji, na riba inayotumika kupunguza malipo ya baadaye hadi thamani ya leo. Riba hiyo ikishushwa kwa asilimia moja tu, “nakisi” ya mfuko inaweza kuvimba kwa kiasi kikubwa bila mstaafu hata mmoja kuongezeka. Ajirini mtaalamu wa takwimu-bima asiyefungamana na mfuko, hata kama ni kwa gharama ya kuchangiana vyama vitatu. Ni fedha inayouma kuitoa, na sijaona matumizi bora zaidi yake katika kampeni ya aina hii.

Mkikutana na upande wa mwajiri, muwe watu wawili au zaidi, muandike kumbukumbu, na mzirudishe kwao kwa maandishi siku hiyohiyo ili kuthibitisha kilichosemwa. Wanachama wapewe taarifa baada ya kila kikao, hata kama hakikuzaa kitu, kwa sababu ukimya wa viongozi hujazwa na uvumi ndani ya saa chache.

Hatua ya saba: pimeni njia ya mahakama bila kuitegemea

Mahakama husaidia pale penye kifungu imara. Katika jimbo la Illinois, Marekani, katiba ya mwaka 1970 inasema kwamba mafao ya pensheni za umma hayatapunguzwa wala kudhoofishwa; Mei 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliitumia kubatilisha sheria ya mwaka 2013 iliyopunguza mafao. Pasipo na kifungu kama hicho, wanasheria watafute hoja katika ubaguzi, katika wajibu wa mashauriano, au katika mamlaka ya waziri kutunga kanuni husika. Fungueni shauri mapema ikiwa muda wa ukomo unakaribia, lakini kampeni iendelee barabarani na maofisini, kwa kuwa shauri laweza kuchukua miaka na serikali ikishindwa huweza kurudi bungeni na muswada mpya.

Hatua ya nane: mgomo uwe tishio la kweli

Kabla ya kutamka neno mgomo, hesabuni waliopo. Fanyeni kura ya maoni isiyo rasmi tawi kwa tawi. Tawi ambalo halikufikisha nusu ya wanachama wake kuja kwenye mkutano halitagoma. Kisha fuateni utaratibu wa sheria bila kuruka hata hatua moja: usuluhishi, kura ya siri, notisi kwa siku zinazotakiwa, na orodha ya huduma muhimu ambazo hazitasimama. Taasisi za usimamizi za Shirika la Kazi Duniani hukubali mgomo uzuiwe kwa watumishi wanaotumia mamlaka ya dola na kwa huduma ambazo kusimama kwake kunahatarisha uhai, usalama au afya ya watu. Wanachama wa makundi hayo wapewe njia nyingine ya kushiriki, mfano kuchangia mfuko wa mgomo au kuandamana wakiwa nje ya zamu.

Mgomo wa siku moja huonyesha idadi. Ule unaoendelea ndio unaobana, iwapo unagusa mahali ambapo uchumi hauwezi kuvumilia. Mwishoni mwa mwaka 1995 wafanyakazi wa reli na usafiri wa umma nchini Ufaransa walisimama kwa wiki tatu hivi, na serikali ikaondoa mpango wake juu ya pensheni zao maalumu, ingawa sehemu nyingine za mageuzi ya hifadhi ya jamii zilibaki. Mwaka 2023, katika nchi hiyohiyo, vyama vikuu vinane vilishikamana na kuongoza maandamano makubwa mara nyingi, hata hivyo sheria ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64 ilipita baada ya serikali kutumia Machi 16 kifungu cha katiba kinachoruhusu kupitisha sheria bila kura ya bunge. Umoja ulikuwepo na hasira ilikuwepo. Kilichopungua ni shinikizo la kiuchumi la kudumu. Mkiwa mnajua kwamba hamwezi kulitoa, ni afadhali nguvu ikaelekezwa mapema kwa wabunge walio kwenye majimbo yenye ushindani, ambako watumishi na familia zao ni wapiga kura wengi.

Hatua ya tisa: andikeni kilichopatikana, kisha mkilinde

Desemba 28, 2018, Rais John Magufuli, akiwa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko, aliagiza kanuni mpya za kikokotoo zisitishwe na za zamani zitumike hadi mwaka 2023. Zilikuwa nderemo za haki. Ila tamko lile lilikuwa na tarehe ya kuisha, na kikokotoo kingine kilifika Julai 2022. Chama kinachopata ahadi ya kuahirisha kinapaswa kuchukulia muda huo kama ratiba ya kazi: tathmini huru ifanywe mwaka wa kwanza, rasimu mbadala ya kanuni iandikwe mwaka wa pili, na majadiliano yafunguliwe kabla ya mwaka wa mwisho kuanza.

Makubaliano yasainiwe na mwenye mamlaka ya kubadilisha kanuni, yataje namba ya kanuni husika na tarehe ya kuanza, na yawekwe katika mkataba wa hali bora ikiwa sheria inaruhusu pensheni kujadiliwa humo. Wawakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi ya wadhamini wateuliwe na vyama vyenyewe, wapewe mafunzo ya kusoma hesabu na tathmini, na watoe taarifa kwa wanachama angalau mara mbili kwa mwaka kwa kadiri sheria ya usiri inavyoruhusu. Kila mwaka, mwezi hesabu zilizokaguliwa zinapotoka, kamati iketi tena na ile mifano mitatu ya watumishi, iingize takwimu mpya, na ipeleke matokeo matawini kabla bajeti ya serikali haijasomwa.